Nyuzi Tatu Nyekundu Chini ya Ukosi

Subana hakuwa mtu mbaya. Hilo tulimalize mapema, maana mtaani kwao wapo wanaomtaja kwa kubetua midomo, na hao hao ndio waliokuwa wakimpelekea suruali za watoto zilizopasuka makalio awatilie viraka bure. Alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu ya subana, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asijidunge sindano. Alikivaa asubuhi akakivua kitandani, na kuna jirani anaapa kwamba alimwona akila nacho.

Ufundi aliurithi kwa mama yake. Mama alikuwa na cherehani ya miguu, na hakuwahi kushona bila kuimba. Sasa ukikanyaga cherehani huku unaimba, sauti haitulii. Inatetemeka na mguu, inapanda na kushuka, na ukifika kwenye kona ya pindo ukapunguza mwendo, nayo inavutika taratibu mpaka kona iishe. Katika nyumba ile Subana alichukua mguu wa mama. Sauti aliichukua mdogo wake, ambaye walimpachika jina la Chiriku tangu akiwa wa kubebwa. Alilelewa chini ya meza ya cherehani, ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa, na siku alipoanza kuimba aliimba na mtetemo wake wote, utadhani ana cherehani kooni.

Kulikuwa na jambo jingine mama aliwaachia. Kila nguo ikimalizika, kabla haijapigwa pasi, alitia nyuzi tatu nyekundu kwa mkono, fupi fupi, chini ya ukosi, upande wa ndani ambako hakuna anayechungulia. "Nguo ijue kwao," alikuwa akisema. Alipofariki, Subana alikuwa na miaka ishirini na Chiriku sita. Subana akawa dada na mama kwa mpigo mmoja, akaendelea na ushonaji, akaendelea na zile nyuzi. Mkono ulishazoea. Ungemkurupusha usingizini ukamtupia shati, angelitia nyuzi tatu kabla hajauliza wewe ni nani.

Haya. Mwaka ule kituo kimoja cha televisheni kikaleta shindano la kuimba. Mabango kila kona, taa, majaji watatu wamekalia viti kama vya kinyozi. Subana alikuwa ametimiza miaka saba akifanya kazi chumba cha mavazi pale pale kituoni, lakini kwa kibarua: leo upo, kesho ukiugua basi. Kibarua hahesabiwi mfanyakazi, kwa hiyo Chiriku alipojaza fomu hakuna aliyeuliza habari za undugu. Wakati huo Chiriku alikuwa na miaka ishirini na mbili, anatoa fotokopi katika kiduka karibu na ofisi za serikali. Nia yake ilikuwa moja tu, na aliisema waziwazi.

"Dada, mshindi anapewa studio ya kurekodi mwaka mzima. Nikishinda nitaziingiza nyimbo zote za mama. Zote! Hakuna hata moja iliyoandikwa mahali. Mimi nikizisahau ndiyo basi, amekufa mara ya pili."

Subana alimgeuzia mgongo akajifanya anatafuta mkasi, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Chiriku akapita mchujo wa kwanza. Wa pili akapita. Wa tatu ndipo majaji walipoanza kumwonyesha rangi zao. Alikuwa ameimba wimbo mmoja wa mama, watu ukumbini wamesimama wote. Jaji mmoja mwenye miwani mikubwa akavuta maikrofoni, akakohoa kidogo.

"Sauti unayo, binti, sikatai," akasema. "Lakini hiyo mitetemo ya kishamba iache. Sisi tunatafuta msanii wa kusimama popote duniani. Hatutafuti mwimbaji wa kutumbuiza kwenye shughuli."

Wiki iliyofuata wakampa wimbo wa Kizungu. Akaukeshea, akainyoosha sauti kama alivyoambiwa, hakutetemesha hata kidogo. Yule wa Miwani akamwigiza matamshi yake mbele ya nchi nzima, mwenzake akacheka mpaka akashika tumbo. Ukiimba cha kwenu, mshamba. Ukiimba cha wenzako, kituko. Sasa mtu afanyeje, aimbe kwa ishara?

Katika washindani alikuwapo kijana mmoja mrefu, kila mtu akimwita Mwanagitaa. Alisoma shule za ng'ambo, mpole, mcheshi, na hana majivuno, tusimwonee. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili kuliko la kulia. Mwenyewe alilicheka, alisema ni uzito wa gitaa tangu utotoni. Kila shati aliloletewa lilimkaa upande, na Subana ndiye aliyekuwa akilifumua na kumrekebishia. Kijana huyo alivutiwa na uimbaji wa Chiriku. Siku moja ya mazoezi akamfuata chumba cha mavazi.

"Hivi ule mtetemo unafanyaje? Nifundishe, tafadhali."

Chiriku hajui kunyima. Akamkalisha kwenye cherehani ya dada yake, akamwambia kanyaga, kanyaga, imba huku unakanyaga. Wakacheka wote watatu mpaka uzi ukakatika. Kufikia jioni kijana alikuwa ameukamata nusu.

Basi, nusu fainali, Mwanagitaa akaingia na gitaa lake. Katikati ya wimbo wa Kizungu akachomeka ubeti mmoja wa lugha ya nyumbani, maneno mawili kayakosea matamshi, na mwishoni akatia ule mtetemo. Jaji wa Miwani akaruka kutoka kitini.

"Hicho! Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri msimu mzima! Asili, lakini iliyoiva! Huu ni upekee, mabibi na mabwana!"

Nyuma ya pazia Chiriku alianza kwa kucheka, kisha akaacha. Akamgeukia dada yake.

"Dada, si ni ule ule?"

"Ni ule ule."

"Sasa kwangu ulikuwa wa kishamba, kwake umeiva lini?"

 Mwenye jibu alikuwa mezani kwa majaji, anapigiwa makofi.

Ila wananchi hawakuwa viziwi. Kura za simu ndizo zilizomvusha Chiriku kila wiki, na zikamvusha tena. Fainali wakabaki wawili, yeye na Mwanagitaa, na safari hii majaji wangekaa kando. Tangazo lilirudiwa kutwa: fainali ni ya wananchi, kura yako ndiyo itakayoamua. Mtaa ukashika moto. Hata fundi viatu, ambaye alikuwa hasalimii mtu, aliandika namba ya Chiriku kwa chaki kwenye mlango wake.

Jumatatu ya wiki ya fainali, mkuu wa mavazi akamwita Subana. Huyu wote walimwita Madam, mama mwenye manukato ya kukutangulia mlangoni na ulimi wa asali. Mezani alikuwa ametandaza kitambaa cha dhahabu, kizito, kinameremeta.

"Fundi wangu, koti la mshindi hilo. Atavalishwa pale pale jukwaani. Vipimo hivi hapa."

Ilikuwa karatasi isiyo na jina. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Bega la kulia. Bega la kushoto. Subana akasoma pale kwenye mabega, akarudia. Fundi hahitaji jina la mtu. Mpe mabega atakwambia ni nani.

"Madam," akasema polepole, "hivi ni vya kijana. Na la yule binti?"

"Linashonwa kwingine. Unafikiri sisi watoto, tushone koti moja kwa watu wawili?" Madam akacheka, akamshika mkono. "Lishone likae sawasawa. Miaka saba kibarua imetosha, bwana. Ile barua yako ya ajira ya kudumu safari hii naisukuma mwenyewe. Ila weka saini hapa kwamba ya chumba hiki hayatoki nje."

Akaweka saini. Akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Akakata kitambaa, akashona, na kazi ile aliifanya kama anavyofanya kazi zote, yaani vizuri. Bitana akailaza, bega la kushoto akalitilia pamba kidogo ndani ili koti lisimame. Jumatano lilikwisha.

Alhamisi alikwenda kuomba chaki kwa fundi mapazia, mwanamume mmoja mwenye kisirani na mzaha kwa pamoja, chumba chake kiko mwisho wa ujia. Wakiwa wanaongea, Subana akachomeka swali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Eti koti la pili la dhahabu wamempa nani alishone?"

"La pili lipi?" Fundi mapazia akavua miwani. "Kile kitambaa kilikuja kipande kimoja. Nimekipokea mimi mlangoni, nimesaini mimi. Urefu wa koti moja, na tai ya mtangazaji. Labda huyo mwingine watamshonea la gazeti."

Subana akacheka. Kicheko kilitoka kabla akili haijafika, na akili ilipofika akakalia marobota ya mapazia. Zilibaki siku tatu watu wapige kura, na mshindi alikuwa ameshapimwa mabega. Wananchi wote wale, fundi viatu na chaki yake, walikuwa wanapigwa changa la macho. Na koti lenyewe lilikuwa limetoka mkononi mwake.

Mngefanya nini ninyi? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Angemwambia Chiriku, Chiriku angelipuka, maana hajui kuficha, kituo kingekana, karatasi ya saini ingetolewa, na wote wawili wangebaki mikono mitupu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Pia alijiambia kwamba huenda kura zikawa nyingi mno hata wakaona haya. Na chini kabisa, mahali ambapo hakutaka kupatazama, kulikuwa na ile barua.

Ijumaa jioni Chiriku alikuwa anasukutua koo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu ambayo dada yake mwenyewe alimwandalia.

"Dada, koti umeliona? Wanasema la mshindi linashonwa kwenu."

"Koti gani? Mimi wamenipa suruali za wacheza shoo, nakunja pindo tu."

"Nikilivaa utalia?"

"Sukutua, maji yanapoa."

Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Majirani wakajaa barazani, kila mtu na simu yake. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, macho yameshafifia, akampa Subana simu yake.

"Hebu nipigie kura wewe, mwanangu, mimi vidude hivi sivioni. Mara kumi. Mpaka salio liishe."

Akapiga. Mara kumi, kidole kimoja kimoja, na bibi anahesabu kwa sauti pembeni yake huku akimwombea dua Chiriku.  Bibi alipomshukuru, aliitikia.

Fainali ilikuwa Jumapili saa kumi alasiri. Chiriku alivaa gauni la buluu ambalo Subana alimshonea nyumbani, kwenye cherehani ya mama. Akaimba wimbo wa mama aliokatazwa, mtetemo wote, mguu wake wa kulia unakanyaga jukwaa, kanyaga, kanyaga, na mwishoni akapunguza mwendo kama mtu anayezunguka kona ya pindo. Ukumbi ulipasuka. Hata wapiga picha waliacha mashine zao wakapiga makofi. Subana, amesimama kwenye ubavu wa jukwaa na pini mdomoni, kwa dakika ile moja aliamini kabisa kwamba haiwezekani, hawatathubutu.

Wakathubutu. Mtangazaji, na tai yake ya dhahabu, akafungua bahasha. Akavuta pumzi ndefu ya maringo, akalitaja jina la Mwanagitaa.

Shindano lile lilikuwa na utaratibu wake: aliyeshindwa ndiye anayemvalisha mshindi koti, ili nchi ione kwamba hakuna kinyongo. Walishafanya mazoezi kwa shuka. Koti likaletwa kwenye hanga, Chiriku akalipokea huku anatabasamu, mashavu yamelowa, akalifungua kwa kulishika ukosi. Ukosi ukapinduka mikononi mwake.

Subana aliona kutoka pale aliposimama. Kwanza hakuelewa kwa nini mdogo wake amesita. Kisha mkono wake mwenyewe ukamkumbusha. Jumatano, kabla ya pasi, uzi mwekundu. Hakufikiria. Hakukusudia. Mkono ulifanya ulivyofundishwa.

Chiriku akazitazama zile nyuzi tatu. Akamvalisha Mwanagitaa koti, nalo likamkaa sawasawa, bega lililoshuka limesimama kama la mtu mwingine, mahali ambapo mashati yote ya msimu mzima yalishindwa. Kijana akamwinamia sikioni, kamera haikumdaka, akamwambia, "Mimi nilijua utashinda wewe." Chiriku akamtikisia kichwa tu. Ndipo akainua macho kuelekea ubavuni mwa jukwaa. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni kwa ajili ya kamera, lakini macho hayakuwa nalo.

Alikuja chumba cha mavazi peke yake, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulijua lini?"

"Mdogo wangu, kaa kwanza, unywe maji."

"Dada. Ulijua lini?"

"Waliniambia makoti ni mawili," Subana akaanza. "La kwako linashonwa kwingine, wallahi ndivyo walivyoniambia, mimi..."

Ilikuwa kweli, ya Jumatatu. Labda angeweza kuishia hapo. Labda Chiriku angeipokea. Lakini mlango ukafunguliwa, manukato yakatangulia, na Madam akaingia mikono juu.

"Fundi wangu! Umeliona lilivyomkaa? Utadhani kazaliwa nalo! Mkurugenzi mwenyewe kaniuliza nani kashona. Kesho asubuhi ofisini, barua yako iko tayari, nimekwambia nitaisukuma, sikukwambia?" Ndipo alipomwona Chiriku. "Oh, binti yangu, pole. Umeimba vizuri sana. Ila ndiyo mashindano."

Akaondoka. Manukato yakabaki.

"Barua," Chiriku akasema.

"Si kwa ajili ya barua!"

"Ulijua lini? Jumatano? Alhamisi?"

"Alhamisi," Subana akasema.  "Alhamisi nilijua hasa."

Chiriku akahesabu kwa vidole, kama mtoto. "Ijumaa ukaniwekea maji ya chumvi. Jumamosi ukampigia bibi kura mara kumi. Leo asubuhi ukanifunga zipu."  "Wale majaji sikuwategemea, dada. Tangu siku ile ya kishamba nilishajua wananionaje. Nilikuwa nakutegemea wewe. Ungeniambia, ningekwenda kuimba vile vile. Ningeuimba ule wimbo nikijua naimba kwa ajili ya mama tu, si kuomba. Umeniacha nikaombe mbele ya nchi nzima mahali ambapo hapakuwa na kitu. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe, dada yangu!"

Subana alinyoosha mkono kumshika. Chiriku akageuka, akampa mgongo, akainamisha shingo, akapindua ukosi wa gauni la buluu kwa kidole chake.

"Zifumue."

"Mama yangu wee, usiniambie hivyo."

"Mama alisema nguo ijue kwao. Hii na lile koti zimetoka nyumba moja? Zifumue, au nizikate na meno."

Wembe ulikuwa mezani. Subana akauchukua, akavua subana kidoleni kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu aliogopa kuikwaruza ile shingo aliyoiogesha tangu ikiwa na miaka sita. Akakata wa kwanza. Akakata wa pili. Wa tatu ulikuwa umezama, ikabidi auvute kwa kucha. Ulipotoka, Chiriku akasema asante, ile asante mtu anayompa fundi yeyote, akabadilisha nguo akatoka.

Jumatatu asubuhi Subana alikwenda ofisini, akaisaini barua.

Yupo hapo mpaka leo, ana mshahara, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mtetemo siku hizi uko redioni kila saa, Mwanagitaa anauimba na wengine wanamwiga, na Jaji wa Miwani akihojiwa husema yeye ndiye aliyeugundua. Chiriku anaimba kwenye shughuli za watu, harusi na mahafali, wikiendi zote amejaa, na nyimbo za mama ameanza kuzirekodi kwa simu, mmoja mmoja. Akimpita dada yake njiani anamwamkia kwa heshima zote. Nguo zake za jukwaani anashonewa na fundi mwingine.